Ua la Deo

Mama yangu,

Huku Muleba mvua zimeanza, na kibanja chako nimekifunika nyasi vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na migomba. Nakuandikia kuhusu lile ua. Keshokutwa mdogo wangu Deo anakuja kulichukua, na kabla halijatoka hapa barazani nataka ulisikie neno nililolimeza muda wote huu. Ua lile nililileta mimi.

Unaikumbuka Krismasi ile? Nilikuwa nimebanwa na sare za kwaya pale kibandani kwangu Bukoba mjini, cherehani haipumziki. Sista mmoja wa Kashozi niliyemshonea mapazia alinigawia okidi moja kati ya zake, ya zambarau. Deo alikuwa ametua na ndege kutoka Dar na anakuja kwako, nikampa ailete, nikamwagiza akwambie ni zawadi yangu.

Nilipofika siku ya pili, nyumba imejaa majirani, nawe umekipakata chungu chenye ua lile. Kila aliyeingia ulimwambia mwanao wa Dar kakuletea ua. Nikamtazama Deo. Deo akaendelea kula senene. Ningesema palepale, lakini ulikuwa unacheka, Mama, na tangu Baba afariki sijawahi kukusikia ukicheka vile. Nikajiambia acha, leo ni sikukuu. Sikukuu ikaisha, uongo ukabaki.

Ulipopooza upande mmoja nilifunga kibanda nikaja kukuuguza. Deo alituma salamu. Nilikuogesha kwenye beseni la bluu, nikakulisha kwa kijiko, nikakugeuza usipate vidonda, na kila asubuhi, hata kabla ya uji, uliniuliza ua la Deo limeamkaje.

Liliamka vibaya. Ulikuwa umelishindilia samadi ya ng'ombe na kulifunika nyasi mpaka shingoni, kama mgomba. Mtu wa kibanja kama wewe ungesadiki vipi kwamba kuna mmea unaotaka mizizi yake ipate hewa? Ikaoza. Kisha wakaingia wale wadudu weupe kama pamba, wakajazana panapoanzia majani, na sisimizi juu yao. Ulilia siku hiyo. Ukanishika kwa ule mkono wako mzima.

"Koku, ua la mwanangu lisifie mikononi mwako."

La mwanangu! Na mimi nilikuwa nani, Mama, dada wa kazi?

Nilimpigia sista simu akanielekeza. Nikaling'oa, nikakung'uta samadi yote, nikakata mizizi iliyooza kwa mkasi wangu wa kushonea. Nikasugua jani mojamoja kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, na kwenye mikunjo nikapitisha pamba yenye spiriti, ileile niliyokusafishia mgongo. Nikalipanda upya kwenye vipande vya mkaa. Kila nikikagua baada ya siku tatu, wadudu wamerudi, naanza tena. Wewe huko kitandani ukinung'unika kutwa nzima kwamba nalinyima ua la watu chakula. Asubuhi nakuogesha wewe, mchana nalisugua lenyewe, na siku nyingine sikujua nani kati yenu ananichosha zaidi. Ndiyo, nimesema.

Miezi ikapita. Mzizi mpya ukachomoza, ncha yake ya kijani, baadaye kikonyo, baadaye ua la kwanza. Nikakubeba mgongoni hadi barazani ulione. Ulilitazama weee, nami nikasimama pale nangoja. Nilitaka neno moja tu kutoka kwako, lolote.

"Mpigie Deo," ukasema, "umwambie limepona."

Nikampigia. Naye bila hata haya akanishukuru kwa kumtunzia ua lake.

Wiki hiyohiyo ukatutoka. Msibani Deo alisimama akasimulia habari ya ua alilomletea mama yake, na watu wakalia. Tulipoondoa matanga, shangazi akagawa vitu vyako. Ua akapewa Deo, maana ndiye aliyelileta, na mimi nikapewa lile beseni. Ningefungua mdomo ungeonekana mjinga, na kaburi lako halijakauka. Nikasema asante shangazi, nikachukua beseni langu.

Jana amepiga simu. Anataka kuliweka sebuleni kwake Dar ili wageni walione. Waitu Mama, nimejaribu kumsamehe, nimeshindwa. Na wewe nimejaribu. Wewe nakusamehe Jumatatu, ikifika Jumanne nakukasirikia upya.

Leo asubuhi nimelitoa kwenye mkaa. Lina maua manne, na sijaona mdudu hata mmoja. Nimekwenda zizini kwa jirani nikajaza ndoo. Nimelishindilia samadi na kulifunika nyasi mpaka shingoni, kama ulivyopenda wewe. Kisha nimenawa mikono kwenye beseni langu. Deo hatajua tofauti, hajawahi kuligusa tangu siku ile alipolibeba.

Pumzika hapo kibanjani karibu na Baba. Jumapili nitakuja kukung'olea magugu kaburini, usidhani nimekutupa. Ila ua usiniulize tena. Likifa, litafia mikononi mwake.

Ni mimi binti yako, niliyelileta,
Koku