Dirisha la Banda la Uyoga

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga, asante kwa salamu zako. Huku Ikuti babu yako mzima, na mvua haijakatika. Unasema uyoga wako una mashina marefu na kofia ndogo, na unataka kuacha kilimo hicho.

Wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo. Niliziba banda lote, kama tunavyoziba nyumba kwa baridi. Nilipofungua dirisha, mama mkwe alicheka: "We binti, uyoga utakohoa!" Kumbe ulikosa hewa. Sakafu nikainyunyizia maji isikauke, na uyoga uliofuata ukatanda kama sahani. Baba mkwe, ambaye kwa mila zetu hatukusemezana naye, alipaza sauti nyuma ya ukuta ili nisikie: "Mke wa mwanangu anajua kulima!"

Fungua dirisha, mama. Uyoga ukitanda, nipigie simu. Mimi nitakusifu bila ukuta.

Bibi yako