Matundu Manne Chini ya Boti

Jumapili jioni, mtaani kwetu Isevya. Joto la mwisho wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, na nina hasira. Sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Leo nusura nimzamishe mke wangu, Mama Neema, katika bwawa la Igombe.

Boti yetu ndogo ya faiba niliinunua Kigoma, imeshatumika. Chini ina matundu manne ya kupitishia maji, na kila tundu lina koki ya shaba kwa ndani. Wiki nzima nimepambana nazo. Koki ya sinki dogo la kuoshea vyombo imeganda ikiwa wazi, haigeuki. Kiungio cha mpira wake wa maji kilikuwa kimechakaa, nikaweka cha plastiki, cha sinki la nyumbani.

Mzee Maganga, fundi bomba wa mtaani kwetu, alikitazama akatikisa kichwa. "Hiki ni cha jikoni, mwanangu. Na koki isiyofunga usiende nayo majini."

Nikamjibu kwamba maji ni maji.

Mama Neema hajui kuogelea. Miezi mingi alikataa kupanda. Leo baada ya misa alivaa jaketi okozi, akaniuliza, "Umekagua kila kitu?"

"Nimekagua."

Nilimdanganya bila kupepesa macho.

Katikati ya bwawa kile kiungio cha plastiki kikapasuka. Maji yakaingia kwa nguvu, mara yakafika kwenye vifundo vya miguu. Niliibana koki kwa spana, nikavuta mpaka kiganja kikachubuka. Wapi! Mama Neema hakupiga kelele. Alifungua kitenge cha kiunoni, akakisokota, akakishindilia kwenye mdomo wa koki na kukikandamiza kwa kisigino mpaka tukafika nchi kavu.

Tuliirudisha boti nyumbani juu ya trela.

Nyumbani nikamweleza ukweli, kwamba fundi alinionya nikampuuza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama chini ya boti, akagusa tundu la kwanza.

"Hili la nini?"

Linaingiza maji ya kupoza injini, nikamwambia. La pili la sinki. La tatu, pampu inatolea maji yanayojikusanya ndani.

"Na hili la nne?"

Boti hii ninayo tangu mwaka jana.

"Sijui, Mama Neema."

"Ungesema hivyo asubuhi, nisingepanda."

Kesho nitakwenda kwa mzee Maganga kumwomba radhi, na nitamwuliza hata yale ninayoona aibu kuuliza. Lakini Mama Neema apande tena, hilo sina haki ya kumwomba.