Taruma la Tatu la Mashua Yetu

Masama, Jumapili baada ya ibada

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, kifua cha Mama kimetulia? Na kile kidole chako ulichokipiga nyundo kimeota kucha? Mimi ni mzima. Huku juu kuna baridi, shuleni naenda nimevaa sweta mbili, na Shangazi ananilisha mtori mpaka sketi inabana.

Baba, barua hii utaikuta imefungwa kwenye mti. Usimruhusu Mama aupeleke jikoni. Ni taruma, ubavu wa mashua yetu.

Uliposema kwenye simu kwamba taruma la tatu limevunjika tena, na kwamba usipopata jingine kabla ya mvua utaichanja mashua ya Babu iwe kuni, nilianza kukumbuka yote iliyoyapitia. Kisiki kiliitoboa chini, ukaziba kwa bati la debe. Mkuku, uti wa mgongo wake, ulioza, ukauchonga upya mwenyewe. Kila mwaka mimi nakushikia pamba unapoisindilia kwenye maungio. Mbao alizopigilia Babu zimebaki nne tu, lakini ukiulizwa unasema ni ile ile.

Nilikumbuka pia ulivyonifundisha: taruma likichongwa kwenye mti ulionyooka huvunjikia palepale linapopinda. Unatakiwa mti uliojipinda wenyewe ulipokuwa ukikua. Huko kwetu bwawani umeutafuta hukuupata. Basi nikalitoa lile boksi tulilolikata kwa umbo la taruma wakati wa likizo, nikawa natembea nalo.

Nikauona mti wenyewe nyuma ya jiko. Huku mgomba wenye mkungu mzito hutegemezwa kwa mti usianguke, na mmoja ulikuwa umetegemezwa kwa mti wa mringaringa uliopinda. Niliweka boksi juu yake. Baba, ulikaa mwanzo hadi mwisho, hata mwanga haukupenya. Nikajiambia tegemeo ni tegemeo tu. Nikauchomoa, nikaweka mti ulionyooka, nikauficha wangu chini ya kitanda bila kumwomba mtu.

Asubuhi mgomba ulikuwa umelala ndani ya mfereji. Ule mti ulionyooka uliteleza, kwa sababu pale ardhi imeinama. Na mkungu ule ndio Bibi, mama mkwe wa Shangazi, aliokuwa ameutunza kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake Neema. Bibi aliuliza nyumba nzima ni nani. Nilimwambia Shangazi ukweli, nikalia. Hakunipiga. Alikata jani la isale kwenye uzio, akalifunga fundo, akanieleza kwamba huku aliyekosa hupeleka jani hilo, na anayepelekewa hawezi kukataa kumsikiliza.

Nilikwenda na jani mkono mmoja na mti mkono mwingine. Bibi alikuwa anamenya zile ndizi zilizoanguka. Aliangalia jani, akaangalia mti.

"Mtoto wa bwawani," akasema, "umepanda mlima wote huu kuja kuniibia fimbo ya mgomba?"

Nikamweleza habari za mashua, za Babu, na za taruma la tatu. Nikamwonyesha boksi. Alilipitishia kidole taratibu, kisha akaugonga mti.

"Huu aliukata marehemu mume wangu. Akausema vibaya, kwamba hautoi hata mguu wa kigoda. Miaka yote umeshika ndizi." Akaupangusa vumbi. "Kumbe ulikuwa unangoja maji."

Alilipokea jani. Adhabu yangu ilikuwa kuchimba shimo palepale, kutia samadi na kupanda chipukizi jipya. Nimelipanda, nalo limeshika. Mkungu wa kipaimara alitoa mwingine, mkubwa kuliko ule.

Tangu siku hiyo Bibi haoni tena mti uliopinda kuwa ni kuni. Akikuta tawi ananiita nije na boksi, na majirani wanamtania kwamba anajenga safina mlimani. Hata hilo tawi dogo lililofungwa pamoja na taruma ni yeye aliyeliona. Mimi nadhani litafaa mbele, pale palipolegea. Anasema mashua ikielea, perege wa kwanza ni wake, na asikatwe kichwa.

Mume wa Shangazi atakuletea mzigo huu mwenyewe. Mtihani wa muhula nimekuwa wa tatu, lakini nimeona nianze na taruma.

Msalimie Mama, na bibi mzaa mama umwambie kikoi chake ndicho kinachonifunika usiku. Mdogo wangu mwambie asikae kwenye mashua kabla hujamaliza kuziba. Shangazi na Bibi wanakusalimu sana.

Katikati ya mti utaona mkwaruzo. Hapo ndipo mgomba ulipokuwa umeegemea. Tafadhali usipapige randa. Nikija likizo nataka nipapapase nikiwa nimekaa ndani ya mashua ya Babu, majini.

Binti yako akupendaye,
Rehema