Namna Babu Alivyolala

Bibi, mke mwenzangu, shikamoo. Niko mji wa Buffalo, huku ng'ambo, upepo wa ziwani unanivua mtandio, na vipapatio vya kuku vya hapa vina pilipili hadi masikio yanawaka.

Meli hii pichani, upande wa pili wa kadi, ni ya vita, siku hizi imestaafu na watu wanaitembelea. Nilimwambia mzee anayetutembeza kwamba babu yangu alirudi kutoka vita vya Burma kwa meli ya kubeba askari. Akanionyesha vitanda vya turubai vilivyopandana, vyembamba kama mbeleko. "Jaribu," akasema. Nikajilaza.

"Meli za kuwarudisha askari zilibana zaidi ya hapa," akaniambia. "Ukijigeuza unampiga jirani kiwiko. Kwa hiyo walizoea kulala chali, mikono kifuani, bila kutikisika."

Nikacheka peke yangu mle ndani, kisha machozi yakanitoka. Miaka yote ulikuwa unamlalamikia marehemu mume wetu, eti analala ukingoni kama gogo kwa sababu amekununia!

Hakununa, Bibi. Alikuwa anakuachia nafasi.

Nakubusu mikono yote miwili.
Mke mdogo, Rehema