Paja la Jitu Sebuleni Kwangu

Shoga, unamkumbuka jirani aliyeniuliza, "Hivi ni kweli marehemu mumeo aliiba mfupa wa jitu kule makumbusho?" Mimi nikacheka. Leo nimejua maneno yalikotoka.

Ni shemeji yangu. Natoka kusali, namkuta sebuleni anajirekodi video, amekumbatia ule mfupa ninaozuilia mlango. Anautangazia ulimwengu eti makumbusho yanaficha majitu waliotutangulia, na kaka yake aliiba ushahidi.

Aliiba. Mume wangu. Mtu aliyetengeneza mifupa ya maonyesho pale makumbusho kwa plasta hadi akazeeka, na huu wa paja la dinosaria ulipopata ufa wakubwa wake wakamwambia auchukue.

Nikasema, "Shemeji, hiyo ni plasta. Futa video, usimwite marehemu mwizi."

"Na wewe wameshakuhonga, shemeji."

Wamenihonga sana, ndiyo maana paa langu linavuja.

"Kama ni plasta, uvunje tuone."

Haya. Kazi ya mikono ya mume wangu, Mungu anisamehe. Nikaupiga mfupa kizingitini.

Ndani kuna waya, na kitambaa cha kujazia. Shati, shoga. Lile la mistari ya zambarau, shemeji mwenyewe alimletea zawadi, marehemu akatuambia limepotea. Kumbe limo ndani ya jitu.

Nikamkunjulia kola aione vizuri.

Akaitazama weee. Akafuta video mbele ya macho yangu, akavaa viatu, akatoka.