Kamba ya Machela

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na ukungu umeshuka mpaka migomba yangu siioni. Afadhali. Leo sitaki kuona mtu, wala kuonwa.

Mwalimu wa kisomo anasema ukishajua kuandika, andika ya siku yako. Mimi shule sikuiona, herufi nimezijua uzeeni. Sikudhani nitaanza kuzitumia kuandika aibu.

Nyumba kumi zetu zina machela moja ya kubebea wagonjwa kwenda hospitali kule Gonja, maana gari halifiki huku juu. Ni miti miwili ya mkaratusi na kamba ya katani iliyosukwa katikati. Tunaitunza kwa zamu, na mwenye zamu huitundika juu ya meko ili moshi uifukuzie wadudu. Zamu hii ni yangu. Niliiomba mwenyewe. Nilimwambia balozi, kiongozi wetu wa nyumba kumi, "Wengine hawa wanalala sana. Leteni kwangu."

Tena balozi akanituma nikague nyumba za jirani kama watu wamejiandaa: mahindi makavu darini, kuni, mafuta ya taa. Nilipita kama askari. Kwa Namkunda, mke wa Elinami, nikakuta koroboi kavu na tumbo limeshashuka. Nikampigia kelele mbele ya mama mkwe wake: "Mwanangu, uchungu ukikushika usiku utazaa kwa kupapasa?"

Akainama kwa haya. "Nisamehe, bibi, nitajaza."

Akajaza. Mimi je?

Juzi ndama wangu alikata kamba yake akaingia shamba la maharage la kijiji. Nikaifungua ile ya machela, nikamfunga nayo nyuma ya migomba. Nikasema jioni nitairudisha. Jioni nikasema kesho.

Leo asubuhi Elinami kaja mbio na wanaume watatu, wamelowa chapachapa. Hata shikamoo ilitoka nusu. "Bibi, machela! Namkunda chupa imepasuka!"

Mdomo wangu huu, unaosema ukweli hata usipoulizwa, ukasema, "Panya wamekula kamba. Chukueni kitanda changu!"

Wakakitoa pamoja na ngozi yake. Nyuma ya nyumba ndama akalia. Hakuna aliyegeuka.

Lakini kitanda si machela. Njia ya kando ya mfereji ni nyembamba, kitanda hakipiti. Ikabidi wazungukie juu, kwenye utelezi. Mimi nikabaki nimeshika nguzo ya jiko, namwomba Mungu, na najua kabisa namwomba afunike uzembe wangu.

Elinami amerudi alasiri hii. Namkunda alizaa njiani, mvuani, juu ya kitanda changu. Wanaume walishika gunia juu yake huku wamegeuza nyuso, mama mkwe akampokea mtoto. Wembe mpya, uzi, kanga kavu, vyote vilikuwemo kwenye furushi alilolifunga Namkunda mwenyewe. Niliyemfokea ndiye aliyekuwa tayari. Wamefika Gonja, wazima wote wawili. Ni msichana.

Nikalia. Elinami akadhani ni furaha.

"Bibi, watu wote wanakusifu. Nani mwingine angetoa kitanda chake? Tumekubaliana mtoto tumpe jina lako."

"Jina langu baya, mwanangu."

"Baya lina nini? Ulale chini kwa ajili yetu, halafu usitajwe?" Akacheka, akaenda zake.

Heri angenitukana.

Nimemfungua ndama. Kamba imelowa, ameitafuna kidogo, lakini ni nzima. Haikuwa na jino la panya hata moja. Nimeitundika juu ya meko, inatoa mvuke, na ndama nimemfungia humu humu jikoni, ananinusa magoti kana kwamba hatujafanya kitu.

Kesho naibeba kamba hii begani mpaka kwa balozi, watu wakiwepo. Wacheke, waseme, nimeyataka. Kisha nashuka Gonja kwa miguu yangu na kibuyu cha uji, nimwambie Namkunda mwenyewe.

Akinifukuza, uji nitamwachia mlangoni. Lakini mtoto yule asiitwe kwa jina langu kabla mama yake hajajua kamba ilikuwa shingoni mwa ndama.