Niliapa Kuuficha Mguu wa Nahodha

Mpendwa mshauri Bi Salwa, salamu nyingi kutoka Msambweni, naomba msaada wako na nauomba upesi, maana leo ni Jumatatu na mechi ni Jumapili, na mimi tangu juzi sikai kitako, nimefagia uwanja mara tatu asubuhi hii mpaka kuku wananikimbia, nimeosha sufuria zilizokuwa safi, nimekwenda dukani nikarudi mikono mitupu, na jirani yangu Nafula akaniuliza, "Mama, kwani kuna mgeni?" nikamwambia hakuna, nikashika ufagio tena.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili na kazi yangu ni kukanda. Nakanda waja wazito, nakanda wazazi mpaka watoke arobaini, nakanda watoto wachanga, na kazi hii nimeirithi kwa marehemu mama yangu, ambaye kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba yale ambayo mikono inayakuta mwilini mwa mtu, mdomo hauyajui. Nimeyakuta mengi, Bi Salwa. Ziko ndoa hapa mjini zimesimama mpaka leo kwa sababu mimi nilinyamaza, na ndiyo maana wanawake wananiita, si kwa mafuta ya nazi tu, mafuta kila mtu anayo.

Sasa mwaka huu timu yetu ya Nyota imeingia Kombe la Taifa, lile la mtoano, ukifungwa mara moja unarudi kwenu, na hapana aliyewadhania, maana wenyewe ni mafundi na wavuvi na wapishi wa hoteli za Diani, lakini wakawatoa watu wa Voi, wakawatoa watu wa Machakos, na hapo ndipo kocha wao, mwalimu Elphas, mtu wa bara lakini ana adabu zake, akaja kwangu akasema, "Mama, hatuna daktari wa timu, na hawa vijana miguu imewachoka, si utusaidie tu?" Nikasema haya, lakini masharti yangu ni kwamba siendi juu ya goti. Wapo walionisema, mwanamke mzima kukanda wachezaji mpira, nikawajibu kwamba nusu ya hao wachezaji niliwakanda wakiwa na siku tatu.

Nikawakanda, wakashinda mechi iliyofuata mabao matatu. Basi ikawa sokoni sipiti bila kuitwa, Mikono, Mikono, mpaka vijana wakanishonea jezi ya bluu yenye neno MIKONO mgongoni, na siku ya mechi naivaa juu ya dera na nakaa benchi pamoja nao, na mwenyekiti wa timu, mzee Chirau, mwenyewe aliinuka akanipisha kiti, na watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani wananiamkia kwa jina hilo, shikamoo Bi Mikono, nami naitikia.

Mechi ya raundi ya kumi na sita ilichezwa hapa kwetu, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Nahodha wetu, nitamwita Muzammil na si jina lake, ni fundi wa kushona, ana kibanda chake hapo barabarani, alikanyagwa mguu wa kulia mara moja tu, akaanguka, akainuka, akacheza mpaka mwisho, tukaingia penalti, akapiga ya mwisho na ikaingia, watu wakalia kwa furaha na mimi nikiwamo. Kesho yake asubuhi akaja nimkande. Niliposhika juu kidogo ya kifundo, upande wa nje, nikasikia chini ya kidole gumba kitu kinasaga. Bi Salwa, miaka arobaini nakanda, mfupa uliosaga naujua, na mama yangu alinifundisha kwamba huo haukandwi, unafunika mafuta yako na kumwambia mtu aende hospitali.

Nikamwambia. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Bi Mkubwa, robo fainali tunacheza na timu ya ligi kuu, na kuna mtu wa klabu moja ya Nairobi anakuja kuniona mimi. Nina miaka ishirini na mitatu, hatakuja tena. Siri za wazazi unazihifadhi, na hii yangu ni amana kama zile. Niapie." Nami, sijui niseme ni huruma au ni nini, nikala yamini kwa jina la Mungu kwamba sitamwambia mtu.

Sasa ni wiki mbili namkanda kila siku, taratibu, pembenipembeni, nikimaliza namfunga kitambaa, maumivu yanatulia saa chache anakwenda mazoezini anakimbia kidogo, na kocha akaniuliza waziwazi, "Mama, huyu kijana ako fiti ama hayuko?" nikamwambia yuko salama. Lakini juzi mguu umevimba na umepiga weusi, na nikipita kibandani kwake nasikia cherehani inakwenda inakatika, maana anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na sare za shule za watu zimerundikana. Yeye amefungua redio tu, kipindi chako hakimpiti, anacheka na wateja kana kwamba hana jambo. Na jana mama yake, nitamwita Hadiya, kanijia na sahani ya mahamri na mbaazi, kasema, "Dada, Mungu akuwekee mikono hiyo, inanitunzia mwanangu." Nikamega hamri moja, nikalirudisha sahanini.

Niambie nifanye nini. Nikisema, nimevunja yamini na nimevunja kazi yangu, nani atanipa tena mwili wa binti yake? Na mji mzima utasema Mikono ndiye aliyetutoa kwenye kombe. Nisiposema, na mguu ukakatika Jumapili mbele ya mama yake na mimi nimekaa benchi na ile jezi? Barua hii nampa Nafula, anafanya kazi hoteli huko Diani, ataipitisha hapo studioni, na nambari yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Naomba uisome yote, usikate kitu.

Mkandaji, Msambweni.

Jibu la Bi Salwa

Shikamoo, mama. Nimeanza na shikamoo kwa sababu yatakayofuata hayatakuwa na adabu kubwa.

Kwanza nikupe haki yako. Mwanamke aliyetunza siri za mji kwa miaka arobaini si mtu wa kuchezewa, na nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekuonea huruma. Lakini mama, usinichanganyie mambo. Siri ya mzazi ukiinyamazia, hapana anayeumia. Hii ukiinyamazia, kuna mtu anakatika. Amana ni kumwekea mtu kitu chake kisiharibike, na wewe umewekewa mguu, nao unaharibika mikononi mwako kila siku, kwa mafuta yako mwenyewe. Huyo kijana asingeweza kukimbia hata hatua kumi bila wewe. Unasema unaficha jeraha, kumbe unalilea.

Tena hukunyamaza. Kocha alikuuliza ukamjibu kwamba yuko salama. Mama yako hakukufundisha hilo. Alikufundisha kufunga mdomo, na wewe uliufungua ukasema uongo.

Na hiyo jezi. Nimehesabu, mama. Mguu umeupa maneno machache, lakini jezi umeniambia rangi yake, umeniambia neno lililoandikwa, umeniambia unaivaa juu ya nini, nani alikupisha kiti, na watoto wanakuamkia vipi wakitoka chuoni. Sikulaumu kwa kupenda kusifiwa. Umekanda watu miaka arobaini na hapana aliyekupigia makofi, kwa hiyo yalipokuja yalikuwa matamu. Ila uliponiandikia kwamba hujui kama kilichokufanya uape ni huruma au ni nini, mimi nadhani unajua.

Unaogopa yamini. Yamini ina kafara yake, muulize sheikh wa msikiti wenu atakueleza kabla chai haijapoa. Mguu hauna kafara. Unaogopa wanawake hawatakuita. Watakuita, na watakuita zaidi, maana watajua kuwa mkandaji wao anajua pale kazi yake inapoishia. Unaogopa Nyota watafungwa. Huenda wakafungwa. Kombe hili lina kawaida ya kurudi kila mwaka, na mtu wa Nairobi akija Jumapili akamkuta kijana anachechemea, unadhani atamchukua ampeleke wapi? Na ukikatika kabisa, hatapoteza mpira peke yake. Cherehani nayo inataka mguu.

Umeniambia nisikate kitu. Mimi barua za watu huzikata, naondoa jezi, naondoa kibanda, naondoa chochote kitakachomtambulisha mtu. Wewe ulijua hivyo, unanisikiliza kila wiki, na bado ukaandika usikate. Mama, ulitaka redio iseme kile ulichoapa kutokisema. Nilikasirika, nikaiweka barua chini ya chupa ya chai nusu siku. Kisha nikakumbuka kuwa Jumapili inakuja.

Ndiyo maana jana nilikupigia ile nambari nikakwambia jambo moja tu, kwamba leo Alhamisi saa nne uwe umekaa kibandani kwa Muzammil, kwenye kiti cha wateja, bila jezi. Hukuniuliza sababu. Nadhani sababu uliijua. Lawama ya kuisoma yote hewani bila kukata niibebe mimi, nimezoea. Nawe ukae hapohapo, usishike ufagio wowote.

Sasa fanya hivi. Usimkande leo, wala kesho, wala hata akilia. Mpeleke hospitali ya hapo Msambweni apigwe picha, uende naye wewe mwenyewe, umweleze daktari kwamba umemkanda wiki mbili juu ya mfupa unaosaga, usipunguze hata siku moja. Picha haikula yamini, itasema yote. Kutoka hapo pitieni kwa mama yake, na sahani yake uirudishe ukiwa na neno la kumwambia. Kocha Elphas huna haja ya kumtafuta, ni mwalimu, na shule ziko mapumziko saa hizi na redio ziko wazi. Akikujia, mwambie, "Nilikudanganya." Usiongeze maneno, watu wazima wakiongeza maneno hapo huharibu. Jumapili nenda uwanjani, ukae na kijana kule wanakokaa watazamaji, na akilia mwache alie.

Nanyi mnaosikiliza huko Msambweni ambao mmeshamjua ni nani, nawaomba msimsogelee leo. Mpisheni njia.

Na wewe ambaye tumekuita Muzammil. Najua unanisikia, na najua umekasirika, na una haki ya kukasirika, hasira hiyo utamalizana nayo na mimi, studio yetu unaijua. Ile penalti uliipiga kwa mfupa uliovunjika, mwanangu, na iliingia, na hapana atakayekunyang'anya hilo. Lakini ilikuwa ya mwisho kwa msimu huu. Simamisha cherehani. Ondoa mguu kwenye pedali, hata huo wa kushoto, umechoka kubeba kazi ya mwenzake. Bi Mkubwa amekaa hapo mbele yako na hajui aanzie wapi. Mpe mkono akuinue.